Kambere wa Mama Godelive

Kahongya alikataa kiti. Hapo ndipo Godelive alipojua kwamba siku imeharibika.

Nyumba ile ya Rughenda, mjini Butembo, ilikuwa nyumba ya watu kukaa. Ukipita njiani bila kuingia, kesho yake unaulizwa umekosewa nini. Ukiingia, kiti; ukikaa, sahani; na kabla hujanawa mikono umeshajua nani ameachwa na mchumba na mke wa nani amenunua wigi mpya. Kahongya mwenyewe, yule mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayetembelea familia zinazopokea watoto waliopotezana na wazazi, alikuwa mtu wa sombe, kisamvu cha Godelive, kwa miaka mitatu. Leo alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Kaa kwanza, Monsieur Kahongya."

"Nikikaa sitasema, Mama Gode." Alimeza mate. "Tulipata mama moja kule Beni, mu Mulekera. Alikimbiaka ile kijiji Sadrack wenu alitokea, siku ileile ya moto. Anatafuta mutoto mwanaume."

Jirani yao, Mama Julie, aliyekuwa amekuja kuchambua maharagwe yake pale kwa sababu kwake hakuna wa kuongea naye, aliacha mkono hewani.

"Batoto wanaume wenye kupotea ni wengi," Godelive alisema.

"Ni kweli. Njo maana tunaenda kuona. Kama haiko wake, tunarudi naye."

"Na kama ni wake?"

"Atabakia kulekule. Barabara ya Beni unaijua, mama. Hatuwezi kupitisha mutoto mara mbili mara tatu sawa mufuko ya makala ya kupikia." Akaangalia uani. "Iko wapi?"

Godelive aliita bila kusimama, kwa sauti ile ya kila siku: "Kambere!"

Mtoto alikuwa nyuma ya jiko akimsaidia Keren, binti wa nyumba, kupepea moto wa mbabula. Alisikia. Akasimama. Lakini hakuja moja kwa moja; hakuwahi kuja moja kwa moja. Kwanza aligeuka akaangalia nyuma yake, pale penye ukuta na ndoo na hakuna mtu, akangoja kidogo, ndipo akatembea. Kila akiitwa alifanya hivyo. Wengine walisema ni usingizi, wengine adabu. Mama Julie alikuwa na maoni yake, na hakuyaficha.

"Uyu mutoto anaonaka kitu," alisema sasa, polepole. "Nilisemaka. Mukakataa."

Kwa Wanande jina la mtoto ni namba yake nyumbani. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambere, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukiitwa tu, mtaa mzima unajua wangapi walikutangulia. Mtoto alipoletwa na wanawake waliokuwa wakikimbia, akiwa na umri wa kujua kusema lakini hasemi, na kovu la moto bado bichi kwenye mguu, mchungaji alimpa jina la Sadrack, kwa kuwa alitoka motoni. Lakini Sadrack ni jina la kanisani. La nyumbani, Godelive alihesabu kwake: alikuwa na mvulana mmoja tu, Mumbere wake, anayechimba dhahabu huko Manguredjipa. Basi huyu wa pili. Kambere. Ndivyo alivyoandikwa, Kahongya akidhani ni jina aliloletwa nalo, ndivyo alivyotangazwa kanisani, na ndivyo redio ilivyomtangaza: Kambere Sadrack, mwenye kumjua ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Miezi ikapita. Halafu siku moja, Godelive akimwogesha, sabuni machoni, mtoto alifungua kinywa kwa mara ya kwanza, akasema wazi kabisa: "Mi Kakule."

Godelive alimwagia maji. "Kakule ni wa ine," alisema. "Batatu ya mbele beko wapi?" Mtoto alipangusa sabuni machoni. "Unaona? Hapa kwetu uko Kambere."

Alijua lazima amwambie Kahongya. Alijua siku ile, na kesho yake. Lakini mtoto alikuwa ameanza kula, ameanza kulala bila kulia mradi mlango wa nje uachwe wazi kidogo, ameanza kumfuata hadi sokoni akiwa ameshika kikwembe alichojifunga Godelive kiunoni. Kakule alikuwa na mama mahali fulani. Kambere hakuwa na mwingine ila yeye. Kwa hiyo Kahongya hakuambiwa, wala mume, wala Mama Julie, na siri ambayo Mama Julie haijui mjini Butembo ni siri kweli.

*

"Utamufanyia nini?" Mama Julie aliuliza, Kahongya alipokwisha kuondoka. "Mi ningekimbia naye. Nakuambia ukweli wa Mungu."

"Nyamaza, Mama Julie."

"Mais watu watafurahi akienda, unajua? Kuko benye banasemaka unalea ule mutoto juu ya kupata sabuni na matela ya kulalia ya bazungu. Eti ile mafuta alileta Kahongya, ulikaanga nayo beignets, mandazi ya kuuzisha."

"Nani anasema?"

"Mi nilikataa! Nilisema, Mama Gode? Labda mafuta kidogo tu."

Jioni Sikuli alirudi kutoka karakana ya useremala, akakuta mkewe anafunga nguo za mtoto, halafu anazifungua, halafu anazifunga tena, na safari hii ameweka na zake.

"Unaenda wapi na vikwembe vine?"

"Manguredjipa. Kwa Mumbere. Siku mbili tatu."

Sikuli alivua kofia. Alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa juu ya ule mlango wa nje; huo aliulalamikia kila jioni, kwamba wezi watamshukuru, kwamba baridi ya Butembo anailipia nani. "Godelive. Mutoto si samaki ya makayabo, eti unafunika na karatasi, harufu inabakia ndani. Utamuficha mpaka wapi?"

"Kule Beni banakata batu, Sikuli! Kila siku tunasikia. Tulimutosha mu moto, sasa tumurudishe mu moto?"

"Mama yake anaishi mu huo moto."

"Kama ni mama yake."

"Donc unaogopa nini? Kama haiko mama yake, utarudi naye."

Alitaka kumwambia hapo. Neno lilifika kwenye meno. Lakini mtoto alikuwa ameketi kizingitini, mgongo kwao, akichora chini kwa kijiti, na Godelive aliona masikio yake yalivyosimama. Akafungua furushi, akatoa vikwembe vyake kimoja kimoja.

*

Waliondoka na jeep ya shirika la Kahongya asubuhi ya ukungu. Dereva aliwaambia mapema: wakifika mteremko wa Kabasha, mahali pa kuviziwa magari, hakuna simu, hakuna wimbo, hakuna kusimama kukojoa. Mtoto alikaa katikati, kati ya Godelive na Kahongya, viatu vipya havifiki chini.

Godelive, ambaye angeweza kuongea na jiwe likamjibu, alihesabu tu mashamba yaliyoachwa, ndizi zilizoiva zikaoza mgombani kwa kukosa mkono. Hakuogopa tu wale wauaji wa msituni. Aliogopa kinywa kidogo kilichokuwa karibu na kwapa lake. *Akiulizwa jina, atasema lipi?* Asubuhi, akimfunga viatu, alikuwa amemwambia: "Wakikuuliza, uko nani?" Akasema: "Kambere." "Muzuri." Akampa beignet.

Baada ya Kabasha kulikuwa na kizuizi, kamba na matawi, na vijana wawili wenye bunduki. Mmoja alichungulia ndani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Mwana ya nani uyu?"

"Ni mission ya batoto, chef," Kahongya alisema, akitoa karatasi.

"Sikuuliza karatasi. We kadogo, jina yako?"

Mtoto alikuwa amekazia macho ile bunduki, na Godelive alisikia joto na majimaji yakipita kwenye kiti hadi kwenye kikwembe chake.

"Kambere," alijibu yeye haraka. "Anaitwa Kambere, papa."

Na mtoto, kwa kusikia jina, akageuka akaangalia nyuma.

Yule kijana aliruka. Bunduki iligeuka na macho ya mtoto, kuelekea vichaka vya nyuma ya gari. "Anaangalia nani? Nani iko kule? Shukeni! Shukeni wote!"

Walishuka. Wakapiga magoti kwenye tope, mikono kichwani, Kahongya na shati lake jeupe, dereva, Godelive na kikwembe kilicholowa. Mwenzake alikwenda kuchungulia vichaka, hatua kwa hatua, na kwa muda huo hakuna ndege aliyelia. "Ni tabia yake tu, papa," Godelive alikuwa akisema, "ni tabia, ni tabia, ukimwita anaangaliaka, hakuna kitu." Mtoto peke yake alibaki amesimama. Bado alikuwa anaangalia nyuma, kama mtu anayengoja mwenzake wa safari.

Hakukuwa na kitu. Vijana walicheka, kicheko cha watu walioogopa. "Umuombee huyu, mama," mmoja alisema. "Huyu ataua mutu."

*

Mama wa Mulekera aliitwa Jokébed. Aliishi kwenye chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya binamu yake, akiuza makala, mkaa wa kupikia, kwa vikopo. Godelive alikuwa amejitayarisha kwa mwanamke wa kumchukia: mchafu labda, au mlevi, au mwenye pupa ya misaada. Alimkuta mwembamba, kichwa kimenyolewa, mikono myeusi ya makala ambayo aliisugua na kuisugua kwenye kikwembe kabla ya kuthubutu kumpa mgeni. Stuli moja iliyokuwepo alimpa Godelive. Yeye aliketi kwenye bidoni, dumu la maji.

"Wasingya, mama," alishukuru kwa Kinande. "Wasingya kwa kufika. Barabara ni mubaya."

Mtoto alikuwa amebakishwa garini na dereva. Ndivyo kazi ilivyo, mzazi huulizwa kwanza, kabla hajaona sura ikamdanganya. Kahongya alichuchumaa.

"Mama Jokébed, batoto wako wanaume. Kwa mupango."

"Mumbere. Huyu alienda shamba na baba yao ile siku, hatukuona hata kiatu. Kambere. Kasereka, surua ilimubeba angali mudogo. Na Kakule, wa mwisho."

"Unatafuta nani?"

"Kakule. Wengine najua hawatarudi."

"Na Kambere?"

"Kambere nilimuzika mi mwenyewe. Nilirudi, nikamukuta mu njia, nikamufunga na kikwembe yangu. Alikuwa wa miaka kumi na mbili." Aliangalia mikono yake. "Alikuwa anabeba kadogo. Juu ya ile, nilijua kadogo hakako mbali. Nilitafuta mu majani mpaka mikono ikakatika. Hakuna."

"Una hakika ni Kambere ulizika?"

"Papa. Mutu anazikaka mutoto wake bila hakika?"

Kahongya alishusha pumzi. "Alama ya mwili?"

"Hakuwa na alama. Mungu alimuumba safi."

Sasa ana kovu, Godelive aliwaza, na kovu hilo hulijui.

"Pole, mama," Kahongya alisema. "Wetu ni Kambere."

"Ni ile ya redio?" Jokébed alinyanyua kichwa. "Kambere Sadrack? Nilisikiaka! Nilikuwa kwa robinet, nachota maji na bidoni yangu. Batu wakanyamaza wasikilize. Mi nikasema: wangu wa jina hii haiko wa kutafutwa tena. Nikaomba palepale, nikasema, Mungu, umupatie mama ya ule Kambere mutoto wake." Alitabasamu, meno mawili hayakuwepo. "Donc bado hajapatikana? Pole yake."

Godelive alishika stuli kwa mikono miwili. Furaha ilimpanda. Ilikuwa imekwisha. Hakuhitaji kudanganya, hakuhitaji hata kusema neno. Jioni watakuwa Rughenda, Mama Julie atakuja kusikia, watapika.

"Muone tu, kwa vile tulishafika," Kahongya alisema, akasimama mlangoni akaita: "Kambere! Kuya, papa!"

Mtoto aliteremka kwenye jeep. Akasimama. Akaangalia nyuma, akangoja, kisha akaja na suruali yake iliyokaukia mkojo.

Jokébed alikuwa amesimama. "Anaangalia nani?"

"Ni tabia."

"Wangu…" Mkono ulikwenda kinywani. "Tukienda shamba, Kambere alikuwa anatembea nyuma yake. Kadogo mbele, ye nyuma, eti kasianguke, kasibakie. Nikiita Kambere, kadogo njo kanageuka kuona kama yaya wake, mukubwa wake, amesikia." Akainama mbele ya mtoto, hakumgusa. Alimtazama paji, masikio, mdomo, kama mtu anayetafuta sarafu gizani. "Sura iko ya baba yao kidogo. Mais hapa kwetu sura hii ni ya wengi. Papa Kahongya, mi naogopa. Naogopa kubeba mutoto wa mutu, ule mwingine abakie analia sawa mi." Kisha, kwa sauti ndogo: "Unaitwa nani, mwana?"

Mtoto alimwangalia Godelive.

Godelive hakusogeza hata kope.

"Kambere," mtoto alisema.

Jokébed alibaki ameinama kidogo. Halafu akajinyoosha, akasugua tena mikono iliyokwisha kuwa safi. "Aksanti," alisema. "Murudie muzuri. Mupite Kabasha mbele ya mvua."

Kahongya alimshika mtoto bega, wakaanza kurudi garini. Godelive aliinuka kutoka kwenye stuli, akaaga, akapiga hatua tatu. Mbele yake mtoto alikuwa akitembea, kichwa kidogo, shingo nyembamba aliyoisugua yeye kwa sabuni asubuhi ngapi, jioni ngapi. Na kila asubuhi na kila jioni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko lake akimwita maiti. Akiita chakula tayari, maiti. Akiita njoo uoge, maiti. Na huyu aliye hai alikuwa anageuka kuona kama leo kaka yake atatokea, anamngojea kidogo, halafu anakuja peke yake kula.

Aliogopa kuliko pale kwenye tope. Mtoto alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya jeep.

"Kakule!"

Haikuwa sauti yake ya kila siku. Ilipasuka katikati.

Mtoto alishusha mguu. Hakuangalia nyuma yake, hakungoja mtu. Aligeuka mzima mzima na akaja moja kwa moja, mbio, viatu vipya vikigonga, uso umefunguka kama mlango. Alimkimbilia Godelive. Na Godelive akamshika mabega akamgeuza, akamsukuma polepole kwa yule mwingine.

Jokébed aliketi chini, kwenye vumbi la makala.

"Ulijua," alimwambia Godelive.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alianza kusema."

Kahongya alimwangalia Godelive jinsi mtu anavyoangalia sahani aliyokwisha kula, anapoambiwa kilichokuwa ndani. Binamu wa Jokébed na majirani walikuwa wameshasogea, na mmoja alisema, bila kujificha: "Njo bale ba Butembo, banauzisha hata batoto." Godelive alingoja Jokébed amtukane, ampige, amtemee. Angepumzika.

Lakini Jokébed alikuwa anamtazama mtoto, aliyesimama mbele yake bila kusogea karibu, na alikuwa na mengi ya kujua, na wa kumwambia alikuwa mmoja tu.

"Anakula nini?"

"Yote. Mboga ya lengalenga hapana."

"Anakojoa kitandani?"

"Akiogopa."

"Analala na taa?"

"Bila taa. Lakini mulango unaacha wazi kidogo. Wa nje. Asipoona inje, halali."

Jokébed aliinua macho, na kwa mara ya kwanza wanawake wawili waliangaliana sawasawa.

"Mama," alisema. "Hapa hakuna mutu analalaka na mulango wazi."

*

Simu kutoka Beni ilikuja siku ya pili tangu mtoto abaki kule, saa ya chakula cha usiku, Mama Julie akiwepo, maana tangu jana hakuwa ameondoka ila kwenda kuchota habari na kuzileta. Godelive alitoka nayo uani.

"Amekataa kulala jana," Jokébed alisema kwa kunong'ona. "Na leo ameanza tena. Amesimama kwenye mulango, analia, anasema fungua. Mi siwezi. Wale wa musituni wamepita upande ya juu jana, mama. Tulisikia. Umuambie kitu. Mi bado haniskiye."

Kukawa na mkwaruzo, halafu pumzi ndogo ya mtoto, ya haraka.

"Kakule," Godelive alisema. Ulimi ulitii. "Uko unanisikia? Ule mulango wa kule, acha mama afunge. Wa huku uko wazi. Uko wazi kwa ajili yako, minauona hapa. We funga macho, uone huu wa huku. Ule wa mama, afunge. Sawa?"

Pumzi. Halafu nyuma ya pumzi, mbali, sauti kavu, mara mbili, kama mtu anayevunja kuni. Jokébed alisema neno moja la Kinande. Simu ikakatika.

Godelive alipiga. Alipiga tena. Mwanamke wa mtandao alimwambia, kwa Kifaransa cha adabu, kwamba mtu anayemtafuta hapatikani.

Alipoingia ndani, hakuna aliyemuuliza kitu, hata Mama Julie. Keren alikuwa amegawa bugali, na sahani moja ilikuwa imezidi. Sikuli alikuwa amesimama kwenye mlango wa nje na komeo la chuma mkononi, lile alilolililia miaka mitatu. Baridi ilikuwa inaingia. Alimtazama mkewe, akaitazama simu iliyowaka mkononi mwake.

Akaliegemeza komeo ukutani, akaja kukaa.